Seti ya unga wa kimea au seti ya nafaka: ipi inafaa kupikia bia ya hopsi Tanga?

Karatasi ya maelekezo inayokuja ndani ya seti ya kupikia bia karibu kila mara imeandikwa na mtu anayeishi nchi ya baridi. Itakuambia upoze sufuria kwa maji ya bomba, kisha uweke ndoo kwenye kona yenye kivuli, nyuzijoto 18 hadi 20, kwa wiki mbili. Wakati wa kaskazi maji ya bomba Tanga hutoka na nyuzi 27 au 28, na kona yenye kivuli ya nyumba ya Ngamiani inafika 31 saa nane mchana. Kwa hiyo mtu wa hapa anayechagua seti inabidi aanze na maswali mawili ambayo karatasi haiulizi: nitapoza lita ngapi za moto, na hamira iliyomo inahimili joto gani? Ladha inafuata baada ya hapo.

Bia tunayoizungumzia ni ile ya rangi ya dhahabu iliyokolea, kilevi karibu asilimia 5, yenye uchungu unaosikika na harufu ya matunda. Kwenye lebo huandikwa pale ale. Sura yake ya leo ilitengenezwa Marekani: hopsi (ua linaloipa bia uchungu na harufu) ya Cascade ilitolewa kwa wakulima huko mwaka 1972, na kiwanda cha Sierra Nevada cha California kilianza kupika bia yake ya aina hii mwaka 1980 kwa hopsi hiyo, yenye harufu ya balungi na maua. Seti nyingi za sasa huongeza Citra, ambayo inanukia ndimu, pasheni na embe. Hopsi ni zile zile katika seti zote mbili. Kinachotofautiana ni chanzo cha sukari ya kimea.

Kwenye seti ya unga, kiwanda kimekwisha loweka shayiri, kimetoa maji yake matamu na kuyakausha. Wewe unayeyusha tu. Kwenye seti ya nafaka unapewa shayiri iliyooteshwa, ikakaushwa na kuparazwa, na kazi ya kugeuza wanga kuwa sukari ni yako. Aliyewahi kutengeneza togwa anaijua kazi hiyo kwa asili yake: kimea kikikutana na uvuguvugu unaofaa, uji hugeuka mtamu. Tofauti ni kwamba hapa nyuzi mbili tatu juu au chini zinabadilisha bia nzima.

Kwa lita 20 za bia, picha ni hii (nafaka ya karameli ni kimea kilichookwa ili kitie rangi na utamu):

| | Unga wa kimea | Nafaka |
|---|---|---|
| Kimea | Unga kilo 2.5 na nafaka ya karameli gramu 300 | Shayiri kilo 4.2 na nafaka ya karameli gramu 300 |
| Sufuria | Lita 15 | Lita 40 |
| Maji ya kuanzia | Lita 11 | Lita 28 |
| Gesi | Karibu nusu kilo | Karibu kilo 1 |
| Siku ya kupika | Saa 3 | Saa 5 hadi 6 |
| Maji ya moto ya kupoza | Lita 10 | Zaidi ya lita 20 |
| Kipimo cha mwanzo cha sukari (haidromita) | 1.050 | 1.050, ukilowesha vizuri |

Kuna seti ya tatu: mkebe wa rojo la kimea lililokwisha tiwa hopsi, unaokorogwa na maji ya moto bila kuchemshwa. Ni rahisi kuliko zote, lakini uchungu uliomo umepangwa na kiwanda na harufu ni hafifu. Maelekezo yake mara nyingi yanasema uongeze kilo nzima ya sukari ya dukani, na sukari hiyo huifanya bia kuwa nyepesi mdomoni. Anayetaka bia ya hopsi asianzie huko.

Sufuria na moto

Seti ya unga inapikika jikoni kwa vyombo vya kawaida. Pasha lita 11 hadi nyuzi 68, tumbukiza nafaka ya karameli ndani ya mfuko wa neti, iache dakika 25, kisha itoe. Isifike nyuzi 77, kwa sababu maganda yataanza kutoa ukakasi kama wa chai iliyosahaulika motoni. Chemsha, epua, ndipo utie unga nusu. Neno "epua" tunalisisitiza. Mwenye gesi anazima tu, lakini mwenye jiko la mkaa lazima aishushe sufuria chini, maana unga ukizama kwenye kitako chenye moto unaungua dakika ile ile na harufu ya kuungua haitoki tena. Nusu ya pili itie dakika 10 kabla ya mwisho. Maji yaliyo mazito kwa sukari yanachukua uchungu wa hopsi kidogo na kuzidi kuwa meusi, kwa hiyo kuchelewesha nusu hiyo kunalinda uchungu na rangi pia.

Unga huo unavuta unyevu kwa kasi, na hewa ya pwani imejaa unyevu. Ukifungua pakiti juu ya sufuria inayotoa mvuke, utaganda kama jiwe kwenye mdomo wa mfuko. Pima kwenye bakuli kavu mbali na jiko, mwaga wote kwa mkupuo, koroga kwa mwiko mrefu.

Nafaka inahitaji sufuria kubwa kama ya shughuli. Pasha lita 28 hadi nyuzi 69, tandika mfuko wa neti (pazia jembamba lililoshonwa kama gunia linatosha), mimina nafaka huku mwenzako anakoroga, na joto litashuka hadi 66. Liache hapo dakika 60. Hili ndilo jambo moja ambalo hali ya hewa ya Tanga inamsaidia mpikaji: sufuria iliyoepuliwa na kufungwa blanketi inapoteza nyuzi moja au mbili tu kwa saa. Usiirudishe kwenye mkaa kujaribu kusawazisha. Mkaa hauna kitasa cha kupunguzia, na ukipita nyuzi 70 bia itabaki nzito na tamu. Nyuzi 64 zinatoa bia kavu zaidi, 68 yenye mwili zaidi. Uhuru huo seti ya unga haikupi, kwani kiwanda kilishaamua.

Kujua kama wanga umeisha, weka tone la maji hayo kwenye kisahani cheupe, dondoshea ayodini ya duka la dawa. Likigeuka buluu nyeusi, ongeza dakika 15. Tone hilo usilirudishe sufuriani. Kisha inua mfuko, uning'inize na ukamue kwa sahani mbili. Mfuko wenye kilo 4.5 za nafaka iliyolowa unakaribia kilo 8 na unachuruzika maji ya nyuzi 65, kwa hiyo tafuta mti, ndoano au mtu wa pili kabla hujaanza, na watoto wawe mbali.

Swali linaloulizwa sana: je, shayiri hiyo inaweza kubadilishwa na kimea cha mtama cha sokoni? Kwa seti hii, hapana. Wanga wa mtama unahitaji joto kubwa kuliko wa shayiri ndipo ulainike, na kimea chake kina upungufu wa kimeng'enya kinachotengeneza sukari inayoliwa na hamira. Ukiuloweka kwa nyuzi 66 utapata uji uliojaa wanga na bia isiyofika popote. Mtama una njia yake ya kupikwa, na si hii.

Maji

Kwa unga, maji yawe safi na yasiyo na klorini, basi. Madini ya kimea yamo tayari ndani ya unga. Maji ya bomba yaache wazi usiku mzima, au tumia robo ya kidonge cha metabisulfaiti kwa lita 20. Ukiacha klorini, inaungana na kemikali za kimea na hopsi na kutoa ladha ya plasta ya kidonda, ambayo haipungui hata bia ikikaa miezi.

Kwa nafaka, maji ni sehemu ya mapishi. Bia ya hopsi inapenda kalisi na salfeti. Gramu 5 za jasi ya chakula kwenye lita 28 zinaongeza karibu miligramu 40 za kalisi na 100 za salfeti kwa lita, na uchungu unakuwa mkavu na safi. Visima vya karibu na bahari vyenye chumvichumvi havifai kwa seti yoyote. Anayeishi penye maji hayo anunue maji ya kunywa ya madumu, na hapo lita 28 dhidi ya lita 20 inakuwa gharama ya kuhesabu.

Kupoza: hapa ndipo wengi wanapokwama

Mpikaji wa unga ana ujanja ambao mpikaji wa nafaka hana. Alichochemsha ni lita 10 tu. Zile 10 nyingine anazileta baridi. Siku moja kabla, chemsha lita 10 za maji, zifunike, zipoe, uziweke kwenye friji katika vyombo vilivyotakaswa. Siku ya kupika, iweke sufuria kwenye beseni la maji na ubadilishe maji hayo mara mbili au tatu, halafu ongeza barafu hadi sufuria ifike nyuzi 40. Mimina kwenye ndoo, ongeza maji ya friji yenye nyuzi 5, na mchanganyiko unakaa karibu na 22 au 23. Nusu saa imetosha, na barafu iliyotumika ni vipande vichache vya mtaani.

Lita 20 na ushei za nafaka ni habari nyingine. Mrija wa shaba uliozamishwa sufuriani, unaopitisha maji ya bomba, utazishusha upesi hadi 35, utajikokota hadi 31 au 32, na hapo utagoma, kwa sababu maji hayawezi kupoza kitu kufikia chini ya joto lake lenyewe. Kutoka 32 hadi 19 unahitaji barafu. Kwa hesabu ya joto pekee ni karibu kilo 3, lakini nyingi inayeyukia hewani, kwa hiyo andaa kilo 6 hadi 8. Barafu ya kuhifadhia samaki pale Deep Sea inafaa kwa kazi hii mradi ikae nje ya sufuria, ndani ya beseni. Barafu isiyojulikana maji yake isiguse bia hata kidogo.

Njia ya pili kwa nafaka ni kutopoza kabisa. Mimina maji ya kimea yakiwa ya moto ndani ya dumu gumu la plastiki la chakula lenye namba 2 chini yake, lijaze pomoni, funga, lilaze ubavu dakika chache ili joto liue vijidudu vya kwenye kifuniko, kisha liache hadi kesho. Chupa za maji za plastiki laini hazifai. Zinajikunja na kupasuka. Njia hii inafanya kazi vizuri hapa, ila ina sharti lake: hopsi huendelea kutoa uchungu mpaka maji yashuke chini ya nyuzi 80, na dumu lililofungwa linakaa juu ya hapo muda mrefu. Hopsi ya dakika 10 na ya 5 usiitie sufuriani. Iweke kando, uitie baadaye ikiwa baridi, la sivyo harufu uliyoilipia itageuka uchungu.

Hopsi yenyewe

Ratiba ya seti zote mbili inafanana: Centennial gramu 15 kwa dakika 60, Cascade gramu 20 dakika 10 kabla ya mwisho, Citra gramu 30 dakika 5 kabla ya mwisho, na gramu 50 za mchanganyiko zinazotiwa baridi ndoo ikishatulia. Kila tonge la kwanza la hopsi linapanda povu. Shusha moto kabla ya kutia. Kwa unga huna haja ya dakika 60: chemsha 30, ongeza Centennial ifike gramu 20, uchungu utakuwa ule ule. Unaokoa gesi, na harufu ya hopsi haikai mtaani saa nzima. Jambo hilo lina uzito Tanga, ambako majirani wengi hawatumii pombe. Heshima ni kupika bila kuwafukizia, na mwezi wa Ramadhani kuliacha jiko hilo lipumzike.

Hopsi ya baridi iache siku 3, isizidi 5, maana baada ya hapo inaanza kunukia majani mabichi. Tena ina vimeng'enya vinavyovunja sukari iliyobaki na kuiamsha hamira upya, kwa hiyo usikimbilie chupa siku ile ile unapoitoa.

Hamira, ambayo tungeichagua kabla ya seti

Seti nyingi zinakuja na SafAle US-05 au ndugu yake. Ni hamira nzuri, safi, inayoiachia hopsi nafasi, lakini raha yake ni nyuzi 18 hadi 21. Tena inatoa joto lake: katikati ya kazi ndoo inaweza kuwa nyuzi 3 hadi 5 juu ya hewa ya chumba. Chumba cha 30 kinamaanisha ndoo ya 33 au zaidi, na hapo inatengeneza vilevi vizito vinavyochoma koo, pamoja na harufu ya rangi ya kucha. Siku tatu za kwanza ndizo zinazoamua. Kupoza siku ya nne hakurudishi kitu.

Kuidhibiti inawezekana. Simamisha ndoo kwenye beseni kubwa, maji yafike theluthi mbili ya kimo chake, na tumbukiza chupa mbili za lita moja na nusu zilizogandishwa, asubuhi na jioni, mchana wa joto kali mara tatu. Kitambaa kibichi na feni, vinavyosifiwa sana katika maelekezo ya kigeni, hapa vinasaidia kidogo tu: maji hupoza yanapokauka, na hewa ya pwani haiyaachi yakauke. Chupa za akiba kwenye friza ndizo zitakazokuokoa umeme ukikatika.

Hamira nyingine ni kveik, ya wapikaji wa vijijini Norwe. Aina yake ya dukani, LalBrew Voss, inafanya kazi nyuzi 25 hadi 40 na inapendelea 35 na kuendelea. Kwake joto la Tanga si adui. Inamaliza kwa siku 3 au 4, inajishindilia chini vizuri, na inaacha harufu ya maganda ya chungwa ambayo kwa Citra na Cascade inakaa kama machungwa ya Muheza karibu na balungi. Upungufu wake ni kwamba harufu hiyo ipo utake usitake. Anayetaka bia iliyo safi kabisa kama ya kiwandani hataipenda. Na inataka joto lisiloyumba. Usiku wa Julai, kusi ikivuma na chumba kikishuka hadi 22, ifunike ndoo blanketi.

Ukichagua Voss, hesabu ya kupoza inabadilika kabisa: mrija wa bomba unaogoma kwenye 32 umekwisha kufika. Seti ya nafaka inapoteza ugumu wake mkubwa kuliko wote.

Basi uchukue ipi?

Kwa anayepika mara ya kwanza, mwenye jiko la kawaida na friji ya nyumbani, tunasema unga, na hamira ya Voss inunuliwe kando hata kama seti ina pakiti nyingine. Bia yenye hopsi nyingi inaficha tofauti ya unga na nafaka kuliko bia yoyote, na unga ukitiwa kwa awamu mbili hata mnywaji makini atapata taabu kuzitenganisha. Makosa yanayoharibu bia ya mwanzo ni joto na uchafu, si chanzo cha kimea. Seti ya unga inakuachia mikono miwili ya kushughulikia hayo.

Nafaka ichukuliwe na mwenye sufuria ya lita 40, gesi, mtu wa kusaidiana naye na nusu siku isiyo na haraka. Hasa anayepanga kupika kila mwezi na anayetaka kuamua mwenyewe ukavu wa bia yake. Kilo 1 ya unga inatoa sukari sawa na kilo 1.7 ya nafaka, lakini kwa sukari ile ile unga ndio ghali zaidi, kwa hiyo nafuu ya nafaka inaonekana polepole baada ya vyombo kulipiwa. Ukipika na US-05, pika kati ya Juni na Septemba. Kaskazi iachie Voss.

Baada ya hapo njia ni moja. Kipimo cha haidromita kisimame palepale, karibu 1.010 hadi 1.013, kwa siku mbili au tatu mfululizo. Chombo hicho kimetengenezwa kusomwa kwenye nyuzi 20, hivyo kwenye 28 ongeza 0.002. Kipimo kinachoendelea kushuka maana yake chupa zitapasuka. Sukari ya chupa ni gramu 125 kwa lita 20 ikiwa bia ilichachukia nyuzi 20, na gramu 135 ikiwa ni 28, kwa kuwa bia ya joto imebakiwa na gesi kidogo. Iyeyushe kwenye maji yaliyochemka, uichanganye taratibu bila kurusha povu, maana hewa inaua harufu ya hopsi. Tumia chupa za kahawia. Kwa joto letu gesi inakamilika kwa siku 7 hadi 10. Kisha chupa zote ziingie kwenye friji, kwa kuwa mwezi mmoja kabatini kwa nyuzi 30 unatosha kuifuta Citra.

Kwa kuwa seti nyingi zinapitia Dar es Salaam na kupanda basi hadi hapa, muulize muuzaji tarehe ya kuparaza nafaka kabla hujalipa. Nafaka iliyoparazwa inavuta unyevu na fukusi ndani ya wiki chache. Ikifika Ijumaa, ipike Jumamosi au Jumapili. Ikibidi isubiri, ifunge isipitishe hewa na uiweke kwenye friza pamoja na hopsi. Hamira iweke kwenye friji, nje ya friza.